Mshale Katika Daftari: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanafunzi wa Uanahabari Jijini Nairobi

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja kilicho karibu na katikati ya jiji la Nairobi alikuja katika kikao cha wahariri wa gazeti la mafunzo akiwa na daftari lenye mistari miwili tu. Wa kwanza ulisema: "Ulevi miongoni mwa wanafunzi wa vyuo." Wa pili ulisema: "Wanafunzi hawasomi vitabu wanavyoagizwa na wahadhiri." Kati ya mistari hiyo alikuwa amechora mshale kutoka wa kwanza kwenda wa pili, kuonyesha kwamba wanafunzi hawasomi kwa sababu wanakunywa. Muhula huo mimi ndiye niliyekuwa mhariri mlezi wa gazeti hilo, na kazi iliyoanzia katika ukurasa ule ilituchukua wiki nane. Ninaiandika kikamilifu kwa sababu naamini kwamba wazo alilolidharau ndilo lililokuwa na habari, na kwamba mimi pia nililidharau. Majina ya mwanafunzi, ya chuo na ya wote waliohojiwa nimeyaacha.

Kikao kililikimbilia wazo la ulevi. Hilo halishangazi, kwa kuwa habari za pombe nchini Kenya zimewahi kuwa habari za misiba mikubwa. Mwezi Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwamo, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, aina ya alkoholi yenye sumu. Kijana anayejifunza uanahabari huhisi kwamba akiandika juu ya pombe ameshika jambo zito. Wazo la vitabu halikujadiliwa hata dakika tano. Nilimpa ruhusa ya wiki mbili afuatilie ulevi bila kumuuliza swali ambalo mhariri anapaswa kuuliza kabla ya yote: ni nini hasa ambacho msomaji hakijui, na ni nani anayeweza kumwambia? "Ulevi vyuoni" ni mada. Mada inaweza kukaa katika daftari miaka kumi bila kuzaa habari, mpaka mwandishi apate mtu aliyefanya jambo, mahali lilipofanyika, na kitu kinachoweza kuhesabiwa au kukaguliwa.

Alirudi na majibu ya hojaji. Alikuwa ametunga maswali matano, akayatuma katika kundi la WhatsApp la darasa lake na kuyasambaza kwa wakazi wa bweni anaofahamiana nao, na watu 43 wakajibu. Swali la kwanza lilikuwa: "Je, unakunywa pombe kupita kiasi?" Zaidi ya nusu kidogo walijibu ndiyo, naye akaandika kichwa cha habari kilichosema kwamba nusu ya wanafunzi wa Nairobi ni walevi.

Makosa mawili yamo katika sentensi hiyo, nayo hutokea sana hata katika vyumba vya habari vyenye wahariri wenye uzoefu. La kwanza ni la sampuli. Watu 43 waliojibu walikuwa marafiki, wanadarasa na majirani wa mwandishi mmoja, na waliojitokeza kujibu ni wale walioona kwamba swali linawahusu au linawafurahisha. Hawawezi kusema kwa niaba ya bweni lao, sembuse jiji lenye vyuo vikuu vya umma na vya binafsi, vyuo vya ualimu, vya utabibu na vya ufundi. Ukweli pekee uliokuwa mikononi mwake ni kwamba watu 43 walisema hivi, na ukweli huo ulikuwa mdogo mno kubeba kichwa kile.

La pili ni la swali lenyewe. "Kupita kiasi" ni kipimo ambacho kila mtu anakishona kwa mwili wake mwenyewe. Mtu aliyelelewa katika nyumba isiyoingiza pombe ataona kwamba glasi mbili zimezidi, na mtu anayekunywa kila Ijumaa mpaka alfajiri atajiona mnywaji wa kawaida kwa kuwa wenzake wote hufanya vivyo hivyo. Swali linalojibika huuliza jambo lililotendeka katika muda unaokumbukika: katika siku 7 zilizopita ulikunywa siku ngapi, ulikunywa nini, na chupa za ukubwa gani. Ukubwa ni jambo la lazima. Nilimketisha mwanafunzi tukafanya hesabu pamoja: chupa ya bia ya mililita 500 yenye alkoholi asilimia 5 ina mililita 25 za alkoholi tupu, ilhali robo, yaani kichupa cha mililita 250 cha pombe kali yenye asilimia 40, ina mililita 100. Kijana anayesema "nilikunywa robo moja tu" amekunywa sawa na chupa nne za bia, na hojaji inayohesabu chupa bila kuuliza zilikuwa za nini ingemwandika kuwa mnywaji mwangalifu kuliko jirani yake aliyekunywa bia mbili.

Alipoona hesabu hiyo aliuliza kama kuna maswali yaliyokwisha kutungwa na wataalamu. Yapo. Shirika la Afya Duniani lina hojaji ya maswali 10 iitwayo AUDIT, ambayo alama zake huenda kutoka 0 hadi 40, na alama 8 au zaidi huchukuliwa kuwa dalili ya unywaji wenye hatari. Hata hivyo nilimzuia asiitumie kama alivyokusudia. Hojaji ile ni chombo cha mhudumu wa afya anayeketi na mtu faraghani na aliye tayari kumsaidia baada ya jibu. Gazeti likiwapimia wanafunzi alama na kuwaita wenye hatari, kisha likafunga ukurasa, litakuwa limechukua kazi ya kliniki bila wajibu wake.

Hayo yote yangerekebishika. Lililonitia hofu lilikuwa katika aya ya nne ya rasimu yake, nayo kwa upande wa uandishi ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote. Ilimweleza msichana mmoja anayerudi bwenini saa tisa usiku akiwa ameshika viatu mkononi, akijikaza asiwaamshe wenzake, kisha akilia kimya kimya hadi alfajiri. Jina halikutajwa. Lakini zilitajwa kozi anayosoma, kaunti anakotoka, rangi ya nywele zake, na kifo cha baba yake mwaka uliotangulia. Nilimuuliza mwandishi amemjuaje mtu huyo kwa undani kiasi hicho, akasema kwa sauti ndogo kwamba wanalala chumba kimoja.

"Anajua kwamba unaandika?"

"Hajui, Mwalimu. Lakini sijamtaja."

Kuficha jina si kumficha mtu. Kila aliyeishi katika ghorofa ile angemtambua kabla hajafika mwisho wa aya, na ofisi ya nidhamu ya chuo ingemtambua siku iyo hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawapa wanahabari nafasi pale ambapo uchapishaji una maslahi ya umma, na kanuni za maadili zilizowekwa chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zinazungumzia faragha na huzuni za watu. Hata hivyo mwenzako wa chumba hakukupa habari. Alilia mbele yako kwa kuwa hakuwa na chumba kingine cha kulilia. Nilisema hivyo waziwazi, pengine kwa ukali kuliko nilivyopaswa, na mwanafunzi akaifuta aya ile yeye mwenyewe. Baadaye aliniambia kwamba alimwonyesha mwenzake rasimu kabla ya kuifuta, wakazungumza usiku kucha. Yaliyosemwa humo ni yao.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo tungelipita bila kuliona. Mmoja wa waliojibu hojaji aliandika kwamba ana umri wa miaka 17. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa umri huo wapo vyuoni, na Kifungu cha 260 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa hiyo jibu lake halikuwa ungamo la mlevi. Lilikuwa ushahidi kwamba mtu fulani mwenye kaunta alimuuzia mtoto pombe kinyume cha Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010. Rasimu nzima ilikuwa imewageukia wanywaji, na hakuna sentensi hata moja iliyomgeukia muuzaji.

Hapo ndipo tulipouangalia mshale. Nilimuuliza kama yeye amesoma vitabu vya kozi zake muhula huo. Alinyamaza kidogo, kisha akajibu:

"Sijasoma, Mwalimu. Na mimi sinywi pombe."

Jibu hilo liliuvunja mshale, na ninamheshimu kwa kulitoa. Mtu anaweza kunywa na asisome, akanywa na akasoma, asinywe na asisome. Na hata kama ingethibitika kwamba wanaokunywa sana husoma kidogo, ingebaki kuulizwa kama pombe ndiyo iliyoondoa vitabu, au ukosefu wa vitabu na wa matumaini ya masomo ndio ulioleta pombe, au jambo la tatu, kama karo ambayo haijalipwa, limeyazaa yote mawili. Mwandishi aliyekwisha kuchora mshale hatafuti tena, anakusanya tu. Nilimwomba aliache wazo la ulevi kwa muda, arudi kwenye mstari wa pili, na aanze na swali lake mwenyewe: kwa nini sijasoma?

Alianzia maktaba ya chuo, akiwa na orodha ya vitabu vya kozi moja inayosomwa na zaidi ya wanafunzi mia moja. Kitabu cha kwanza katika orodha kilikuwa na nakala mbili, moja ikiwa ya kusomea ndani tu na nyingine ikiwa imeazimwa tangu muhula uliopita. Cha pili kilikuwamo katika katalogi lakini hakikuwa rafuni, na mkutubi, ambaye alimsaidia kwa uvumilivu mkubwa, alikitafuta naye kwa muda wa saa nzima wasikione. Cha tatu hakikuwahi kununuliwa. Alikwenda kwa wauzaji wa vitabu wa inama, wale wanaotandaza bidhaa zao kandokando ya Barabara ya Tom Mboya, akapata toleo la zamani la kitabu kimoja. Katika duka la vitabu vipya, kitabu hicho hicho kiliuzwa kwa zaidi ya shilingi 4,000. Sehemu ya bei hiyo ni kodi, kwa kuwa tangu Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 2013 vitabu hutozwa kodi hiyo, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Mwanafunzi hakulijua hilo, na mimi nilikuwa nimelisahau. Swali la nani anafikia kitabu ni la zamani katika jiji hili. Maktaba ya McMillan, yenye wale simba wawili mlangoni katika Barabara ya Banda, ilipofunguliwa mwaka 1931 ilikuwa ya Wazungu pekee.

Ila habari yenyewe aliipata hatua chache kutoka lango la chuo, kwa mama mwenye mashine za fotokopi. Alikwenda kuuliza bei ya kunakili kitabu kizima, na mama akamwuliza, kama mtu anayemhurumia, kitabu kizima cha nini. "Kozi hiyo mnasoma sura ya tatu, ya nne na ya tisa, mrembo," alimwambia. "Hizo nyingine hazitoki." Kisha akavuta kutoka rafuni sura tatu zilizobanwa kwa pini, kurasa 70 hivi, shilingi 3 kwa ukurasa. Mama yule hajasoma chuo. Amekaa karibu na lango kwa miaka mingi akinakili karatasi za mitihani iliyopita, na kwa kuzinakili ameijua mitaala. Anajua mhadhiri gani hubadilisha maswali na yupi huyarudia. Mwanafunzi alikaa naye alasiri tatu, akiandika ni kozi zipi zina "sura zake" na ni zipi mama anasema hazitabiriki, na ikadhihirika kwamba kozi zisizotabirika ndizo ambazo wanafunzi walinunua kurasa nyingi zaidi.

Hili ndilo jambo ambalo msomaji hakulijua. Madai kwamba wanafunzi hawasomi yalikuwa yamerudiwa mpaka yakawa kama methali, lakini kilichokuwa mbele yetu kilionyesha kwamba wanasoma kwa kipimo kile kile wanachopimiwa, na kwamba kipimo hicho kinajulikana barabarani. Anayeingia katika chumba cha mtihani na mwakenya, yaani kikaratasi cha kuibia mtihani, mfukoni na anayenunua sura tatu kwa mama hawafanyi jambo moja, kwa sababu wa pili anasoma kweli. Ila wote wawili wameelewa kwamba kitabu chenyewe hakitawaulizwa.

Nilimtuma akawaulize wahadhiri, na wawili kati ya wanne wakakubali kuzungumza. Mmoja alisema kwa uwazi kwamba orodha ya vitabu aliikuta alipopewa kozi na hajawahi kuthibitisha kama maktaba inavyo. Analipwa kwa kila kozi anayofundisha, anafundisha katika vyuo vitatu, na siku ya mhadhara hufika kwa matatu akitoka upande mwingine wa jiji. Mwanafunzi alitaka kuiacha sehemu hiyo kwa sababu ilimfanya mhadhiri aonekane mtu wa kuhurumiwa na kuipunguza nguvu ya lawama. Nilimsihi aiweke, na sehemu hiyo ikawa kiini cha makala.

Ikabaki shida ya mama, ambayo kwangu ilikuwa ngumu kuliko zote. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haimruhusu mtu kunakili sura baada ya sura za kitabu cha mwenzake na kuziuza. Mama ndiye chanzo kikuu, na kila lililoifanya makala kuwa ya kweli, kama vile mahali alipo, idadi ya mashine zake, na rafu ya sura zilizobanwa, ni jambo ambalo askari wa kaunti au mchapishaji mwenye hasira angeweza kulitumia kumfikia. Baadhi ya wahariri wenzake walishauri aondolewe kabisa. Wengine walisema amevunja sheria, basi atajwe. Niliona pande zote mbili zimekosea. Kumwondoa kungeirudisha makala katika madai yasiyo na mtu. Kumtaja kungemwadhibu mtu aliyejibu maswali kwa wema, na kuwaacha walioacha rafu za maktaba tupu bila hata kuulizwa. Pia sikutaka mwandishi wa kitabu asahaulike, kwa kuwa naye ni mfanyakazi, na kila sura inayouzwa langoni bila yeye kupata senti ni hasara yake. Tuliandika hivyo, kwa sentensi mbili nzima, bila kupunguza makali.

Tulichoamua ni hiki: mwanafunzi alirudi kwa mama, akamweleza sheria inasema nini, akamsomea aya zote zinazomhusu, akamuuliza kama angependa kuendelea. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Aliomba kuondolewa idadi ya mashine na jina la barabara, na akaomba ile sentensi ya kozi zisizotabirika ibaki, kwa sababu, alisema, hiyo ndiyo ya maana. Yote tuliyatekeleza. Bado sina hakika kwamba tulimlinda vya kutosha, na kama mwanafunzi mwingine angeniletea kisa kama hiki leo ningetaka pia aya ile isomwe na mtu asiyelijua eneo na mwingine anayelijua vizuri, tuone kama wa pili anaweza kumtambua.

Makala ya vitabu ilitoka wiki ya sita. Wazo la pombe halikufa. Lilihama kutoka vitandani mwa wanafunzi kwenda kwa wenye leseni. Sheria ya 2010, ambayo Wakenya wengi huiita sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, iliweka saa za baa kuwa 11 jioni hadi 5 usiku siku za kazi, na saa 8 mchana hadi saa 5 usiku mwishoni mwa wiki na sikukuu. Iliweka pia umbali wa mita 300 kati ya baa mpya na shule za chekechea, za msingi, za sekondari na taasisi nyingine za masomo za walio chini ya miaka 18. Mwanafunzi alisoma kifungu hicho mara mbili kabla hajaona kisichosemwa humo. Chuo kikuu huhesabiwa kuwa mahali pa watu wazima, kwa hiyo kipimo cha mita 300 hakikukusudiwa kulilinda lango lake, ingawa ndani yake yumo yule wa miaka 17 aliyejibu hojaji.

Kuanzia hapo, maswali yake yakawa yale yanayoweza kujibiwa kwa karatasi: ni leseni ngapi zimetolewa katika wadi inayozunguka chuo, ni za aina gani, na lini. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuuliza hayo. Maombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, hayatozwi ada ya kuyawasilisha, ingawa nakala zinaweza kulipiwa, na sababu ya kuuliza haimwondolei mtu haki yake. Taasisi ya umma ina siku 21 za kujibu, ambazo inaweza kuziongeza mara moja kwa siku zisizozidi 14, na asiyeridhika anaweza kupeleka lalamiko lake kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, yaani ofisi ya Ombudsman. Aliandika barua yake kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, akitaja wadi, miaka na aina za leseni anazotaka. Tuliipitia mara tatu, mara ya mwisho tukiondoa neno "ulevi" lililokuwa limebaki katika kichwa cha barua, kwa kuwa leseni haisemi nani alilewa.

Barua ilipokewa na kugongwa muhuri siku ya Jumanne ya wiki ya nane. Jioni hiyo aliniletea nakala, na katika ukurasa ule ule wa kwanza wa daftari, chini ya mshale uliokwisha kukatwa kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika tarehe ya siku ya 21 na namba ya simu ya mapokezi.